Dubu Dume Hakai kwa Mamake

"Dubu!" Mzee Ghaith alipiga ukelele uliosikika mpaka kwa jirani. "Nimekusomesha miaka yote hiyo ukachunge dubu?"

"Siendi kuchunga, Baba! Tunafuatilia wanahamia wapi!"

"Wahamie watakako! Wewe Jumapili unaanza kazi bandarini. Ami yako Humam kashakusemea. Uso wangu niuweke wapi?"

Aws akaisukuma kompyuta yenye ramani mbele ya baba yake. Ramani hiyo kaitolea macho tangu amalize skuli. Alama nyekundu ni dubu wa zamani wa nchi ya Slovenia, waliowindwa mpaka wakabanwa kona moja ya kusini. Za kijani ni wa sasa, wametambaa msitu kwa msitu mpaka karibu na milima mikubwa ya kaskazini. Mwalimu wa chuo cha kule kashamkubalia wawafuatilie pamoja. Ndege wiki ijayo, na paspoti Baba kaifungia kabatini.

"Tazama. Wametangulia madume. Majike hukaa karibu na mama zao, ndiyo maana huku juu hawajazaana bado."

"Wallahi, hata hayawani wanajua kukaa na mama yao!"

"Majike, Baba. Mimi jike?"

"Kwa unavyodeka, sijui."

Mama yake, Bi Bakhita, kicheko kikamponyoka, akaziba mdomo kwa mtandio. Aws damu ikamchemka.

"Babu naye angekaa na mamake, leo tungekuwa Unguja, si huku ng'ambo Mabela!"

"Babu yako alikimbia mapinduzi na roho yake! Usimfananishe na wanyama wako, huna adabu we!"

Bi Bakhita akamimina kahawa mbiombio, labda itawapoza. Aws akapokea kikombe, hakunywa. Akakiweka chini mbele ya baba yake, kimejaa. Hivyo hufanya mgeni mwenye haja: hagusi kahawa mpaka mwenye nyumba aseme haja yake imekubaliwa.

"Aws!" mama akashtuka. "Hapa kwenu, mwanangu!"

"Nna haja moja, Baba. Paspoti yangu."

Mzee Ghaith akakitazama kile kikombe. Wageni wangapi wamekiweka hapohapo, na hajawahi kumrudisha hata mmoja. Akakiokota, akakinywa chote yeye, akakitikisa kuonesha katosheka.

"Sina mgeni hapa. Nna mtoto. Na mtoto haendi."

Aws akaikunja kompyuta, akaitia kwapani.

"Basi Jumapili mwambie Ami Humam aende yeye bandarini."

Bi Bakhita akamshika mkono wa kanzu. Akachomoka, akatoka, akaufunga mlango.