Meza ya Biliadi ya Changamwe

Ngowa alimwonea Thoya wivu wa kumnyima usingizi, na asikudanganye mtu kwamba alikuwa na sababu. Tangu vita viishe na wanajeshi kuiacha meza yao ndogo ya biliadi katika ukumbi wa vibarua wa reli pale Changamwe, bingwa alikuwa Ngowa. Hata jina lake lilikuwa limesahauliwa. Ilikuwa "Fundi" huku, "Fundi" kule, naye kichwa kikamvimba.

Thoya alipofika kutoka Rabai hakujua hata kushika fimbo. Watu walimcheka hadi wakashika mbavu. Lakini king'ang'anizi yule! Kila jioni aliilaza chupa tupu ya soda mezani, akawa anaingiza ncha ya fimbo mdomoni mwa chupa na kuitoa, bila kugusa kioo. Nenda, rudi. Nenda, rudi. Kisha hupiga mpira ule ule kutoka pale pale, mpaka anayemtazama achoke yeye. Alipoona mipira yake yote yaenda kushoto kidogo, mkono hakuugeuza. Aligeuza shabaha, akalenga upana wa kidole kulia kwa shimo. Ikaanza kuingia. Ikawa yaingia tu.

"Mkono wa Thoya umetulia siku hizi," alisema Kache, mke wa Ngowa, aliyeuza mahamri mlangoni pa ukumbi. "Na ile chupa nimempa mimi."

"Umempa chupa yangu?"

"Chupa tupu, Baba Kafedha! Una nini wewe?"

Alikuwa na nini? Roho ilikuwa ikimuuma, hicho ndicho alichokuwa nacho! Ijumaa ile jioni angechaguliwa mtu mmoja wa kwenda Likoni kuichezea Changamwe, na Ngowa alikwisha kuwatangazia shemeji zake wa Shika Adabu, huko huko Likoni, kwamba mtu huyo ni yeye.

Basi Ijumaa adhuhuri, Mzee Faki mwangalizi wa ukumbi alipokwenda msikitini, Ngowa aliingia na mtaimbo wake wa kazini. Akainua pembe ya meza iliyokuwa karibu naye, akasukuma kipande cha ubao chini ya mguu.

"Sasa tuone hesabu zako za kidole," alisema. "Mimi mkono wangu nimezaliwa nao."

Jioni ukumbi ulijaa. Thoya akapiga wa kwanza, mpira ukapita kulia kwa shimo. Watu wakaguna. Ngowa moyo ukamtua, akainama kwa maringo, akapiga. Na wake ukapita kulia.

Thoya aliitazama meza kitambo. Akainama tena, mkono ule ule wa chupani, ila safari hii akalenga shimo lenyewe. Ukaingia. Akapiga mwingine, ukaingia.

Lo, masikini Ngowa! Kwamba meza imebadilika, alijua kuliko wote. Lakini mkono wake ulipinda kama siku zote, na hakuwahi kujua unapinda vipi wala wapi. Akauzuia, ukapinda kwingine. Akauachia, mpira ukaenda kulia vilevile. Angelalamika kwamba meza imechezewa, wangemuuliza na nani.

"Fundi, leo vipi?" mtu aliuliza nyuma, wengine wakacheka.

Thoya alipokwisha kuchaguliwa na kupongezwa, Mzee Faki aliuweka mpira katikati ya meza. Ukatulia pale pale.

"Alhamdulillahi! Meza hii imelala upande tangu iletwe. Nimembembeleza seremala mpaka nimechoka. Nani kaiweka sawa?"

Mzee akainua mikono.

"Basi aliyeitengeneza, Mwenyezi Mungu amzidishie."

"Amina!" ukumbi mzima ukaitikia.

Kache akamgeukia mumewe. "Baba Kafedha, mbona huitikii?"

Ngowa naye akainua mikono.

"Amina," akasema.