Mchanga wa Jenerali

Kadzo aliweka mezani chai, yai la kuchemsha na beseni. Chai na yai vilikuwa vya Jenerali. Beseni lilikuwa la mchanga ambao Jenerali angeutapika akishaanza kuzungumza. Halafu akaketi kwenye ngazi ya baraza, akaweka chekecheke miguuni na kungoja. Kazi hiyo aliirithi kwa mamake, na mamake aliirithi kwa mwanamke mmoja wa Kakuyuni aliyeiacha kwa sababu ya kifua.

Jenerali alikuwa Mlatvia, jina lake Augusts Grauds, na umri wake ulikuwa umepita miaka mia na thelathini. Daktari alikuja kumpima presha na kumsifu. Kwa nini hafi, hakuna aliyejisumbua kuuliza. Malindi ina wazungu wazee wengi, na huyu alikuwa mmoja wao, mzee kidogo kuliko wenzake. Alikuja baada ya vita vikuu, enzi za Mwingereza, akauziwa kiwanja na mtu ambaye hakikuwa chake, akapanda mivinje kuzunguka nyumba na akatulia.

Alikuwa na hadithi moja tu, nayo ilikuwa maisha yake. Kwao alikuwa jenerali wa jeshi dogo, akastaafu na nishani zake kifuani. Warusi walipoingia nchini, alinyamaza. Mwaka uliofuata Wajerumani waliwafukuza Warusi, wakatafuta mzee anayeheshimika wa kukaa mezani mbele ya watu wake na kusema kwamba wenyeji ndio wanaojitawala. Jenerali akavaa buti. Akawapa Wajerumani polisi, malori na makoleo. Wayahudi wa mji mmoja wa pwani walipelekwa kwenye vilima vya mchanga kando ya bahari, wakati wa baridi kali, wakaamriwa kuvua nguo, wakapigwa risasi na kufukiwa.

Mpaka kwenye makoleo alisimulia vizuri, hata kwa majivuno. Akifika kwenye vilima vya mchanga, alianza kujikosha. Yeye hakuwepo. Yeye alikuwa ofisini. Yeye alimwombea huyu na yule, na kama angekataa, angewekwa mwingine mbaya zaidi. Akishasema hayo, aliinama, na mchanga ukatoka.

Ulikuwa mchanga mweupe, laini, wa baridi, wenye majani membamba ya msonobari, mti usioota huku. Ulitoka pamoja na uteute na vipande vya kiini cha yai, ukimshuka kidevuni, naye akauacha ushuke. Kuutazama kulitia kinyaa, na kuosha lile beseni kulizidi kuutazama. Ukisha, Jenerali alijipangusa kwa kitambaa kilichotariziwa herufi za jina lake na kuomba sukari zaidi.

Kadzo aliuchekecha. Ndani yake mlikuwa na vifungo vya mfupa na vya shaba, na vingine vidogo kama dengu, vya nguo za watoto. Baadhi vilikuwa bado na uzi. Kadzo alivitia kwenye mkebe wa kakao. Meno aliyazika chini ya mivinje bila kumwambia mtu. Mchanga uliobaki ulinunuliwa na Mbaruk, fundi wa plasta wa mjini, aliyeusifu kwamba hauna chumvi ya kula ukuta kama mchanga wa ufuoni. Mbaruk alijua unakotoka. Kila mtu alijua. Alichotaka yeye ni uanikwe kwanza, na majumba mengi ya mtaa ule yamepigwa plasta ya mchanga huo wala hayajapasuka.

Mwaka huo kampuni moja ya madini ilitaka ardhi ya Adu, walikozaliwa kina Kadzo. Ilitafuta mzee anayeheshimika wa kuiongoza kamati ya ardhi, ikampata Simeon Kaingu, mdogo wa marehemu babake Kadzo. Simeon akapewa pikipiki na koti lenye mifuko mingi. Watu wa Adu walijua hawataishinda kampuni. Waliomba jambo moja, kwamba kabla ya kuhama wapewe siku ya kumwaga pombe ya mnazi kwenye koma zao, yaani kwenye vile vigingi vya wafu wao, ili kila mtu amwambie wake wanakokwenda. Aliyelala haachwi kimyakimya.

Kadzo aliitaka siku hiyo kuliko mtu yeyote. Mamake alizikwa kule, ndani ya gauni la buluu alilolipenda. Kifungo cha juu kilikuwa kimepotea, na asubuhi ya mazishi Kadzo alishona kingine kwa uzi mwekundu kwa sababu nyumbani hapakuwa na uzi mwingine. Jambo hilo lilimkera bado. Alitaka kumwomba radhi kwa uzi ule, kisha amwambie njia ya kufika Kakuyuni, ambako yeye Kadzo alinunua kiwanja.

Tatizo lilikuwa kwamba baba mdogo hakaripiwi na mtoto wa kakake. Kwa hiyo Kadzo alifanya alichoweza. Alimwalika Simeon aje Malindi, anywe chai na Jenerali. Alitaka amwone kwa macho yake, asikie harufu ya beseni, ajue mtu wa namna hiyo huishia wapi.

Simeon alikuja amevaa koti lake. Akatoa shikamoo, akapewa kiti. Jenerali alimtazama lile koti, akafurahi, na kwa Kiswahili chake cha zamani akamsimulia maisha yake yote. Mchanga ulipotoka ulipita beseni ukamwangukia Simeon kwenye viatu. Simeon aliinua miguu ili Kadzo afagie, masikio yake yakiwa bado kwa Jenerali.

"Na watu wako wewe wanataka nini?" Jenerali aliuliza.

"Siku ya kuwaaga wafu wao, mzee. Na kampuni haitaki kungoja."

"Usiwaambie hapana. Hapana huwaamsha watu. Waambie jambo limekwisha fanyika, na wewe mwenyewe ulilisimamia."

Kadzo, akiwa amepiga magoti na ufagio, aliona midomo ya baba yake mdogo ikiyarudia maneno hayo polepole, kama mtoto wa chuoni anayehifadhi aya. Alimsindikiza mpaka langoni.

"Umemwona, baba?"

"Nimemwona. Mzee ana busara."

"Na ule mchanga?"

"Mtu akiishi umri ule, lazima kitu kimtoke," Simeon alisema, akawasha pikipiki.

Kwenye mkutano wa Adu, Simeon alisimama mbele ya polisi walioletwa kulinda amani, akatangaza kwamba alfajiri ile alizunguka na mnazi boma kwa boma na kuwaaga wafu wote kwa niaba ya wenyewe. Wote walijua kwamba mtu hamuagi mama wa mwenzake. Walijua pia kwamba jogoo wa kwanza aliwika Simeon yuko kitandani, maana jirani zake walimsikia akikoroma. Waliwatazama polisi, wakainuka mmojammoja kwenda kufunga mizigo. Matingatinga yaliingia mahindi yakiwa yamebeba.

Kadzo alipofika alikuta uwanja mwekundu uliolainishwa. Alitembea huku na huko akitafuta kaburi la mamake kwa kulinganisha na mwembe, lakini mwembe pia haukuwepo. Alimchukia Simeon hapo, kwa jina lake na kwa koti lake, na akajichukia mwenyewe kwa ile chai. Mlinzi wa kampuni akamwomba apishe.

Simeon alihamia Kibarani, Kilifi, katika nyumba mpya. Plasta ilipigwa na Mbaruk. Hawajamaliza hata kuweka mapazia, mkewe, Damaris, akampigia Kadzo simu. Alisema baba yake mdogo anatoa udongo kinywani, kitanda kimeharibika, na kwa kuwa Kadzo ana uzoefu, je, angeweza kufika? Mbaruk alikuwa ameshaitwa kuutazama. Haufai kwa plasta, alisema, lakini kwa kujazia msingi ni mzuri sana.

Watu wa Adu waliposikia kwamba Kadzo ameikubali kazi hiyo, walimshangaa yeye, si ule udongo. Kadzo alibeba beseni na chekecheke lake, akapanda gari la Kilifi.

Alimkuta Simeon sebuleni, amenenepa, koti begani, akila wali. Udongo ulikuwa mwekundu, wa Adu hasa, wenye mizizi ya mahindi, na ulimtoka umechanganyika na punje za wali na makohozi. Kadzo aliketi chini na chekecheke lake. Aliuchekecha hadi mchana. Zilitoka shanga, kipande cha kigingi, jino. Halafu kikatoka kifungo chenye uzi mwekundu.

Alikiosha kwenye kikombe, akamwekea mkononi.

"Baba, hiki ni cha mama."

Simeon alikigeuzageuza, akamrudishia.

"Nilimwaga mnazi," alisema. "Nilimwambia mamako vizuri kabisa. Na kama si mimi, mwanangu, wangemweka mwingine mbaya zaidi."

Udongo ukamjaa kinywani. Alipomaliza alijipangusa na kuomba maji. Damaris aliyaleta, akauliza kama Kadzo atakula chakula hapo au atafungiwa aende nacho.

Gauni la buluu lilikuwa na vifungo mpaka chini, na mamake alikuwa na mifupa yake yote. Kadzo alikifunga kile kifungo kwenye pindo la leso, kiwe cha kwanza kwenda Kakuyuni. Akasogeza beseni karibu zaidi.

"Endelea, baba," alisema. "Hebu nieleze tena ulivyomuaga."