Kioo Kilichotoka Kiwandani

Bibi harusi mtarajiwa alikuwa akijaribu gauni kwa fundi cherehani, na ndani ya kioo, mbele yake kabisa, mwanamume mwenye shati la kazi alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu. Bibi harusi akasogea huku, akasogea kule, haoni kitu ila kiwiko cha mtu.

"Samahani, kaka," akasema, "hebu nipishe kidogo niuone mkia wa gauni."

Mwanamume akamaliza kamba zake bila haraka, maana watu wa zamu ya asubuhi hawana habari na harusi za watu. Alipoinuka na kupita zake, bibi harusi akaona kwamba gauni linabana kiunoni.

"Nitaliachia kidogo," fundi akasema, pini zikiwa mdomoni. "Nawe uache maandazi mpaka hiyo siku, tusaidiane."

Kioo hicho fundi alikipata kwa muuza vyuma chakavu, naye alikiokota kiwandani walipobomoa chumba cha wafanyakazi cha kubadilishia nguo. Kilikuwa kirefu, kizuri, hakina ufa. Kasoro yake ni hiyo moja tu: kiliendelea kuwaonyesha wafanyakazi wa miaka ya nyuma wakiingia kazini, siku baada ya siku, kwa utaratibu uleule. Wateja walishazoea. Aliyeshindwa kuzoea ni fundi mwenyewe.

Mume wake alikuwa mtu wa boila, lile tangi la kuchemshia mvuke, katika kiwanda hicho. Asubuhi moja alikwenda kazini asirudi. Siku hiyo kilisikika kishindo upande wa boila, na kesho yake mlango wa chumba cha boila ukazibwa kwa tofali. Kiwanda kikasema hayo ni matengenezo, na kwamba mtu wao wa boila aliingia, akabadilisha nguo, akatoka tena getini akatoroka. Na asubuhi hiyo, jamani, walikuwa wamegombana. Shati lake lilikuwa limekatika kifungo cha juu, akaomba ashonewe. Fundi, kazi za watu zikiwa zimemfika shingoni, akamjibu, "Kwani wewe huna mikono?" Maneno yenyewe ndiyo hayo, wala si matusi, lakini yalimkaa kooni miaka yote. Alitaka kujua jambo moja tu: kama ni hayo yaliyomkimbiza.

Mtaani walisema lao. Mama mkwe, aliyeishi naye nyumba moja, hakumwuliza kitu hata siku moja. Kwa hilo peke yake fundi alimwona mama huyo kuwa zawadi.

Ndipo akamwita Mwalimu. Huyu alikuwa mwanamke aliyefundisha kemia mpaka alipostaafu, na sasa alichunguza mambo yaliyofichika: vivuli visivyo na wenyewe, milango inayogongwa na wasioonekana. Alifanya bure, na alikuwa na masharti kuliko hospitali. Kwanza alikigeuza kioo akakagua mgongo wake, akakiosha kwa sabuni, akachungulia dirishani kuona kama kuna watu wanaopita barabarani na kujitokeza humo. Hakukuwa na mtu. Akamwomba ruhusa fundi, mwenye kioo. Akamwomba ruhusa mama mkwe, mwenye mtoto. Kisha akasimama mbele ya kioo chenyewe.

"Hodi," akasema. "Tunamtafuta mwenzenu mmoja. Wengine hatutawachunguza."

Mzee mmoja ndani ya kioo, aliyekuwa akichana ndevu, akaitikia kwa kichwa. Mwalimu akaona imetosha.

Akaagiza shuka. Kila wanaume walipoanza kuvua mashati, kioo kifunikwe, wakishavaa, kifunuliwe. "Kufa hakumwondolei mtu aibu," alisema. Fundi simu wa jirani alipokuja kuuliza kama wale waliomo wanaweza kumtajia timu itakayoshinda Jumapili, Mwalimu alimtazama juu ya miwani.

"Wanaenda kazini hao, mwanangu. Nawe nenda kazini."

Wakangoja siku ile ya ugomvi ifike, maana kioo kilizirudia siku kwa mfuatano wake. Fundi alishona huku jicho moja likiwa kiooni, na mara nyingi alimwona mumewe, mzima, akicheka na wenzake, akijipaka mafuta mikononi. Alimshukuru Mwalimu kwa siku hizo kana kwamba yeye ndiye aliyezitengeneza. Mama mkwe naye alibeba kigoda chake akaja kukaa dukani. Kila mwanawe alipotokea alisema, "Amekonda," basi, akaendelea kuchambua vifungo.

Halafu, asubuhi moja, akatokea akiwa na shati lisilo na kifungo cha juu.

Cherehani ikanyamaza. Wakamwona akijitazama, akaingiza mkono mfukoni, akatoa sindano na uzi. Fundi akaijua sindano ile. Ilipotea siku hiyohiyo, naye alimtilia shaka mama mkwe, maskini. Mume wake akaanza kujishonea kifungo, ulimi nje, uzi mweusi kwenye shati la buluu. Akajichoma kidole, akakinyonya, akacheka peke yake. Alipomaliza akakipapasa kifungo, akageuka, akatoka kwa ubavu wa kushoto wa kioo.

Dereva mstaafu wa kiwanda alishawaeleza chumba kile kilivyokuwa: ukiupa mgongo ukuta wenye kioo, geti liko kushoto kwako, boila iko kulia.

"Kushoto," Mwalimu akasema taratibu, akifuta macho. "Pole, mwanangu."

Fundi akaitikia asante, akakifunika kioo, akakata kitambaa cha mteja vibaya, akakaa. Usiku ule hakula. Kumbe kweli, akawaza. Kashona kifungo ili apendeze huko aendako. Mama mkwe akaja akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mguu kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa.

Asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, Mwalimu alikuwa mlangoni, kitambaa cha kichwa kimefungwa ovyo.

"Mfuko wa shati lile uliushona upande gani?" akauliza hata kabla ya salamu.

"Kushoto. Upande wa moyo. Mashati yote ya kazi ni hivyo."

"Na jana, yule mtu aliyetuelekea, mfuko ulikuwa upande gani wa kifua chake?"

Fundi akafumba macho. "Kulia."

"Kioo kinageuza," Mwalimu akasema. "Nimefundisha watoto jambo hili maisha yangu yote, na jana nikalisahau kwa sababu nilikuwa nalia. Hakwenda getini. Alikwenda kwenye boila, kazini kwake. Nisamehe, nimekulaza na uongo usiku mzima."

Fundi alimkumbatia mpaka miwani ikapinda. Alilia, akacheka, akasema asante, asante, asante Mwalimu, na mama mkwe, akiwa nyuma yao na kigoda chake, akasema hatimaye alilokuwa nalo.

"Mume wa fundi, na kifungo kakishona vile! Angenitia aibu huko nje. Afadhali hakutoroka."

Wakamwita meneja wa kiwanda. Alikuja, kwa kuwa kioo kiliwahi kuwa mali ya kiwanda. Mwalimu akamweleza bila kuongeza chumvi: walichoona, walipokosea, wasichokijua. Meneja akasikiliza vizuri. Akakubali kwamba hesabu ya kushoto na kulia ilikuwa sahihi. Akasema kumbukumbu za kiwanda zinaonyesha mtu huyo alitoroka, na kuubomoa ukuta kungesimamisha uzalishaji. Kisha akanyoosha tai yake mbele ya kioo, akawashukuru kwa muda wao, akaondoka.

Maisha yakaendelea. Boila mpya ilinguruma kando ya ukuta uleule wa tofali. Mtaani bado walisema lao, ila sasa fundi alipita mbele yao akiwasalimu kwa sauti. Kila asubuhi alilifunua shuka na kuwatakia wanaume wa kioo kazi njema, ingawa wake hakuwamo tena.

Siku moja akaja mwanamume wa makamo, baba wa watoto, kuchukua shati lake la kazi. Kiwanda kilikuwa kimemwajiri kwenye boila. Fundi alikuwa amevishona vifungo vyake kwa uzi mara mbili, cha juu mara tatu.

"Kaka," alimwambia, "mlango wa hiyo boila mpya, kama kuna namna, usiuingie."

"Namna gani, dada? Ndiyo kazi waliyonipa."

Akalivaa shati, akasimama mbele ya kioo. Wanaume waliokuwamo walimwona, wakasogeleana kidogo ili apate nafasi. Akajitazama mbele, akajitazama ubavuni, akafunga kifungo cha juu.

"Limenikaa vizuri," akasema. "Asante sana, dada."