Ndoto za Nyumba ya Adelgunda

Adelgunda aliota kuliko mtu yeyote pale Nyaishozi, wala hakuota ndoto za maana. Wenzake waliota nyoka wakaamka wakiwashuku majirani, au waliota maji wakangoja wageni. Yeye aliota mbuzi wa jirani amevaa kofia ya karani, anapima kahawa za watu na kuwapunja. Aliota ameketi ndani ya chungu, anavuka nacho mto Kagera huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kiume. Akili yake ya mchana ilikuwa ya mke mtulivu, mwenye migomba safi na watoto waliooga. Ile ya usiku, Mungu ndiye aliyejua kaitoa wapi.

Mama yake alimfundisha kwamba ndoto husimuliwa alfajiri kabla mlango haujafunguliwa, na husimuliwa mtu mmoja tu. Kwa hiyo kila kulipopambazuka, kabla ya maji ya uso na kabla ya jembe, Adelgunda alichochea moto, akampa mumewe Pastory kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na majani ya kunukia na kuanikwa juani, naye akatia zake mdomoni. Wakaketi juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni. Pastory aliuliza, "Haya, Mama Cassian, jana ulikwenda wapi?" Naye akamwambia. Pastory alicheka amejiziba mdomo kwa kiganja asiwaamshe watoto, na mabega yake yakitikisika, Adelgunda alijiona tajiri. Hakuwa na ng'ombe wala bati juu ya nyumba. Alikuwa na saa ile, na ilimtosha.

Mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla, senene, wale panzi wa kijani wanaoliwa, walianguka kwa wingi hadi watu wakawakanyaga njiani. Kwa mila za huko, kazi ya kuwakamata senene ni ya wanawake na kazi ya kuwala ni ya wanaume. Waliopanga hivyo hatuna haja ya kuwataja, walikuwa wanaume. Mwanamke alikimbizana nao kwenye majani yenye umande, akawanyonyoa mbawa na miguu, akawakaanga mpaka nyumba nzima ikanukia, akamwandalia mumewe, kisha yeye akala ndizi zake na maharage. Adelgunda hakuwahi kuonja hata mguu. Lakini usingizi haujui mila. Akaota yuko kanisani, benchi la mbele, amepakata chungu kizima cha senene, anatafuna, na mchungaji amekatiza mahubiri anamwangalia.

"Nikamaliza chungu," alimwambia mumewe asubuhi, "nikalamba na vidole. Halafu nikamwomba mchungaji chumvi."

Pastory alicheka hadi machozi. "Hii isitoke humu ndani," akasema mwenyewe, bila kuombwa.

Ndoto moja tu haikuwa ya kucheka. Binti yao Kemigisha alikufa kwa homa kabla hajang'oa jino la kwanza. Siku chache kabla ya msimu wa senene, Adelgunda alimwota amesimama kwenye migomba, mzima kabisa, ameshikilia nguo yake kwa mkono mmoja. Akasema, "Mama, nifunge nguo, inaanguka." Mama akamfunga fundo begani. Ni hivyo tu, ikaisha. Alipomsimulia Pastory, mumewe akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka watoto walipoamka. Ndoto ile Adelgunda aliihifadhi. Siku zikiwa nzito aliitoa, akalifunga tena lile fundo, akapata nguvu za kulima.

Jumamosi moja zamu ya pombe ikawa kwao. Ndizi mbivu zilikuwa zimekamuliwa kwa miguu katika mtumbwi wa mti, mtama uliokaangwa ukatiwa, rubisi ikaiva, na wanaume wakaketi uani na vibuyu vyao na mirija. Adelgunda akawapelekea kahawa za kutafuna katika kikapu kidogo, kama desturi inavyotaka, akapiga magoti kuwasalimu.

Melkiory, aliyekuwa askari Burma na hakumwacha mtu asahau, alichukua kahawa moja akaigeuzageuza. "Asante, shemeji. Ile chumvi uliyomwomba mchungaji, ulipewa?"

Uani pakalipuka vicheko. Mwingine akauliza kama yule mbuzi karani bado anawapunja watu. Wa tatu akakipanda kibuyu chake, akaimba kwa sauti nzito huku akipiga kasia. Ndipo Adelgunda alipotambua kwamba haikutoka ndoto moja, zilitoka zote, za miaka yote. Akamtazama Pastory. Pastory alikuwa anaukagua mrija wake kana kwamba ndiyo kwanza ameuona.

Alitabasamu, maana mwenye nyumba hakasiriki mbele ya wageni. Uso ulimwaka moto. Akajiambia kwamba pombe si maji, mwanaume akishiba rubisi ulimi humponyoka. Atamnunia siku mbili tatu, kisha atamsamehe.

Aliyeharibu mambo ni mzee Ndyamukama, mtu mpole kuliko wote pale. Alimwona alivyofedheheka akataka kumfariji.

"Usiwajali, mkamwana," alisema taratibu. "Mungu kaigawia nyumba hii ndoto za aina mbili. Zako za kuchekesha, na za mumeo za kuliza. Siku aliyotusimulia alivyomwota marehemu Kemigisha kwenye migomba, akimwambia, 'Baba, nifunge nguo, inaanguka,' hakuna aliyekunywa tena. Mimi nilikwenda nyumbani nikawaita wajukuu zangu, nikakaa nao tu."

Wanaume wakainamisha vichwa. Melkiory alivua kofia. "Mtoto yule alimpenda baba yake," akasema.

Adelgunda alikiweka kikapu chini akaingia ndani. Alisimama katikati ya nyumba, hajui alichofuata. Mbuzi angempa. Chungu angempa, na senene wote. Huyu mtu yale ya kukichekesha kijiji aliyatoa kwa jina la mkewe, na kile kimoja cha thamani akakiandika kwa jina lake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba kila asubuhi kinakuuliza ulikwenda wapi.

Jioni wageni walipoondoka akamfuata uani.

"Baba Cassian, mtoto alimwita nani?"

"Nilikuwa nimelewa."

"Alimwita nani?"

"Alikuita wewe." Pastory aliviburuta vibuyu vitupu miguuni pake, akavipanga visivyohitaji kupangwa. "Melkiory ana Burma yake. Gaudiosus amepanda malori, amefika mpaka Mwanza. Mimi sijavuka hata Omurushaka, hapo karibu. Nikianza kusema, wanamgeukia mwingine. Siku moja nikatoa ya mbuzi wako, wakacheka, wakataka nyingine. Ikawa wananingoja."

"Na ya mtoto?"

"Melkiory alisimulia rafiki yake aliyemfia mikononi. Wote wakanyamaza kwa heshima. Nami nimefiwa, Adelgunda. Lakini haji kwangu. Nalala namngoja, haji. Nikashindwa kusema mbele ya watu kwamba anakuja kwako peke yako."

Alimwelewa, na kumwelewa kukamuudhi zaidi. Mume mwovu ana dawa yake: mke anafunga mzigo, anarudi kwa ndugu zake kule Rugera, mume anakuja na pombe ya kuomba radhi, wazee wanaamua. Huyu hakuwa mwovu. Alikuwa mtu mdogo aliyemwibia, na mali yenyewe haikuwa na namna ya kurudishwa. Kesho yake, akiwa kwenye migomba, Adelgunda alijaribu kulifunga lile fundo kama alivyozoea. Mtoto alisimama pale pale, nguo mkononi, akafungua kinywa, akasema, "Baba." Adelgunda akaketi chini kwenye majani makavu, akalia kama siku ya maziko.

Alfajiri ya Jumatatu Pastory ndiye aliyetangulia kuamka. Alichochea moto mwenyewe, akaleta kahawa, akaketi mahali pake.

"Haya, Mama Cassian," akasema kwa sauti ya chini. "Jana ulikwenda wapi?"

Adelgunda alitafuna hadi akamaliza. "Leo anza wewe."

"Mimi?"

"Wewe unaota, Nyaishozi yote inajua. Kemigisha alikuja? Alikwambia nini?"

Pastory aliacha kutafuna. Alidhani anakejeliwa, na kweli Adelgunda alianza kwa kejeli. Lakini baada ya kuuliza, alijikuta mwenyewe anangoja kwa dhati. Kama Pastory angesema lolote kuhusu mtoto yule, neno moja tu, hata la uongo, angelisikiliza mpaka mwisho. Alimwangalia mdomoni, akangoja. Pastory aliinamia nyasi za sakafuni, akazishika, akaziachia. Hakuwa na kitu.