Mstari Chini ya X

Alasiri ile ya Novemba 1965, wagombea ubunge wawili wa jimbo la Alder Coulee walikuwa wamelingana kura katika hesabu ya marudio. Mbele ya jaji ilibaki karatasi moja ya kura yenye utata.

"Bi. Haugen, wewe ni wakala wa Lozinsky. Itazame."

Solveig aliitazama. Penye jina la Mackie palikuwa na X, na chini yake mstari mfupi. Chapa ya Ingvald. Kwa miaka thelathini mumewe aliwachoma ng'ombe wake chapa hiyo, akaichora kwenye magunia, makoleo, hata mlango wa choo. Mkono ulizoea. Alipiga kura Jumatatu. Alhamisi moyo ukasimama, akaanguka zizini.

"Mstari huu ni wa nini?" jaji aliuliza.

"Penseli imeteleza, mheshimiwa," wakala wa Mackie aliwahi. "Wazee wetu hawavui glavu hata kitandani."

Watu wakacheka. Solveig hakucheka. Kisheria, kura yenye alama ya kumtambulisha aliyeipiga hufutwa. Angesema tu kwamba anaijua chapa ile, ingebaki sare, na sare huamuliwa na msimamizi wa uchaguzi, mtu wa Lozinsky tangu ujana wake.

Wakili wa chama cha Lozinsky akamwinamia. "Pinga, mama. Sema chochote."

"Nimekusikia."

"Basi sema."

Jimbo lilichorwa kabla reli haijafika. Lilishapeleka bungeni Ottawa mkulima, mfamasia na mchungaji mmoja mlevi. Sasa ramani mpya ilikuwa inalikata vipande vitatu. Atakayeshinda leo ndiye mbunge wake wa mwisho. Nyuma ya chumba Petro Lozinsky alikuwa akiikunjakunja kofia yake. Ndiye aliyechimba kaburi la Ingvald, udongo ukiwa umeganda kama chuma.

Kila uchaguzi Solveig na mumewe walikwenda kituoni kwa gari moja, huyu akampigia wa chama hiki, yule mpinzani wake, kura zao zikafutana. "Tunachoma petroli bure," Ingvald angesema. "Tungebaki nyumbani tukanywa kahawa." Lakini hakuwahi kubaki.

"Una pingamizi, Bi. Haugen?"

Wakili alimgusa kiwiko.

"Sina, mheshimiwa."

"Imehesabiwa. Mackie, kwa kura moja."

Bahasha zikafungwa kwa lakiri. Wakili alikusanya makaratasi yake bila kumtazama. Petro alikuja hadi mezani.

"Ilikuwa ya nani, Solveig?"

Solveig akamwinulia uso. Petro aliusoma, akaelewa.

"Neno moja tu," alisema polepole. "Neno moja, ningekuwa mbunge."

"Ningemfuta, Petro."

"Alishakufa."

"Jumatatu alikuwa hai."

Petro akavaa kofia, akatoka bila kuaga. Nje lori lake liligoma kuwaka, likagoma tena, kisha likaondoka. Karani akamsogezea Solveig fomu ya matokeo. Akaisaini penye nafasi ya wakala wa aliyeshindwa, kwa jina kamili.