Cheti Halali, lakini cha Nani?

Mjukuu wangu anatengeneza programu za kompyuta. Hufanyia kazi kwenye meza yangu ya chakula, nami hukunja nguo upande wa pili.

Siku hiyo saa nane mchana programu yake ilikuwa ianze kupeleka majibu ya vipimo kutoka maabara hadi zahanati. Majibu ya aina ile ambayo mgonjwa hapendi hata dada yake ayaone.

"Mke mwenza," nikamwita, maana ndivyo tunavyotaniana, "utajuaje kama yamefika zahanati kweli?"

"Bibi, kompyuta ya zahanati ina cheti. Programu ikifika mlangoni inadai cheti kwanza. Kikiwa cha kughushi, haiingii. Kuna maktaba, yaani kazi waliyokwisha kuandika wenzetu, ndiyo inayokagua."

"Cheti cha nani?"

"Halali kabisa, Bibi."

"Halali nimesikia. Nauliza cha nani."

"Haya, umeanza!"

Mimi nimefagia wodi ya wazazi miaka ishirini na miwili. Shule niliishia darasa la tatu, ila jina nasoma. Siku moja muuguzi mgeni alimletea mama mtoto mwenye utepe mkononi, muhuri wa hospitali upo, kila kitu sawa. Mama keshaanza kunyonyesha. Nikainama na fagio langu, nikasoma: jina si lake. Utepe ulikuwa wa kweli, tena wa kweli kabisa. Mtoto alikuwa wa kitanda cha dirishani.

Nilimsimulia taratibu, huku nakunja shuka. Kicheko kikamkauka.

"Ngoja, Bibi." Vidole vikaanza kukimbia. "Wiki jana nilikuwa najaribia kwenye kompyuta yangu hii. Jina lake si la zahanati, maktaba ikawa inanikatalia kila saa. Nikazima ile sehemu ya kulinganisha jina la kwenye cheti na la zahanati. Nikasema nitaiwasha."

"Ukaiwasha?"

Akanigeuzia kioo cha kompyuta, akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja mfupi. Kulinganisha jina: hapana.

"Kwa hiyo mtu mwingine mwenye cheti chake mwenyewe..."

"Angejipenyeza katikati akapokea majibu yote. Na programu ingemwambia asante."

Saa ya ukutani ilisema bado dakika kumi na nane. Akarekebisha mstari. Nikamwambia asiamini bado, aipe programu kwanza mtoto wa mwenzie. Akaielekeza kwenye kompyuta nyingine yenye cheti halali na jina lake lenyewe. Ikakataa katakata! Sijawahi kufurahia kukataliwa namna ile.

"Na hakuna jibu lililokwisha kutoka?"

"Hata moja, Bibi." Akaegemea kiti, akashusha pumzi hadi nikamcheka.

Saa nane akanisomea kwa sauti jina lililo kwenye cheti, nami nikasoma lile la kwenye karatasi ya zahanati. Herufi kwa herufi, kama wodini. Yakafanana. Akabonyeza.

"Sasa nipishe meza," nikamwambia. "Shuka zimebaki tatu, na moja ni yako."