Kijana wa Ndoo Katika Sendofu ya Candida

Kabla ya wimbo ule kuingia nyumbani, Thuraya alikuwa akishona mapazia kama binadamu wa kawaida. Kisha siku moja mteja wa Upanga akarudisha pazia dukani, akalitandaza juu ya meza na kusema, "Mama Ruqaya, hebu hesabu mwenyewe."

Thuraya akahesabu. Marinda matatu, pini. Marinda mawili, pini. Matatu, pini. Mawili, pini. Pazia zima lilikuwa linachechemea.

"Huo ndio mtindo mpya," alisema bila kupepesa macho. Mteja alipoondoka, akainua uso kwenye dari na kupaza sauti iliyofika mpaka Mtaa wa Sikukuu. "Ruqaya! Shuka hapa!"

Mkosaji alimjua. Familia iliishi juu ya duka, na huko juu binti yake alipiga kinanda tangu asubuhi mpaka magharibi, wimbo uleule mmoja, hadi mikono ya mama mtu ikaanza kuufuata bila ruhusa.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kijana wa ndoo. Si mchumba, ingawa majirani walishauliza. Ni kile kijitu cha kwenye gemu la zamani la kaseti, la kuchomeka kwenye televisheni, kinachokimbia na ndoo ya maji kichwani kwenda kuzima moto wa kasri. Muziki wake ulikuwa milio mitatu tu, ti-ti-ta, ikizunguka mpaka ufe au ushinde. Watoto wa rika la Ruqaya walikua wakaacha gemu na muziki wake. Ruqaya aliacha gemu tu.

"Nautengeneza upya, Mama. Kwa mtindo wa progresivu roki."

"Ndiyo kitu gani?"

"Roki ndefu. Unaanza msituni, unazama chini ya maji, mapigo yanabadilika, yanakuwa saba, unapanda kwenye barafu, unapigana na bosi wa mwisho, yule adui mkuu wa gemu, ndiyo unafika."

"Huo si wimbo. Hiyo ni treni ya Kigoma."

Ruqaya hakucheka. "Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kuusikia mpaka mwisho. Hata mtu mmoja. Wote wananizima kwenye maji. Na mwisho ndiyo wimbo wenyewe, Mama. Kijana anafika, na maji bado yamo kwenye ndoo."

Thuraya aliutupia jicho ufagio uliokuwa pembeni. Yeye mwenyewe alikuwa amemzima mara nyingi, tena kwa kugonga dari na mpini wa ufagio.

Basi akafanya anachofanya mama wa Kariakoo akishikwa pabaya: akatafuta njia ya mkato. Jumamosi ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, ya Candida, binti wa Mektilda, jirani yake mwenye duka la vyombo. Thuraya ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya zawadi.

"Mama Candida, Ruqaya na wenzake wapige wakati wa chakula," alimwambia Mektilda. "Ni vijana watatu tu."

"Wanapiga nini?"

"Muziki wa kulia pilau."

Hesabu yake ilikuwa nzuri. Mtu anayekula hasikilizi, lakini pia hana mkono mtupu wa kumzima mtu. Wimbo ungepita kimyakimya mpaka mwisho huku watu wakigombania nyama.

Jumamosi, ukumbi ule wa Ilala ulijaa mpaka mlangoni. Ruqaya alikuwa nyuma ya kinanda. Isidori, fundi simu wa Mtaa wa Aggrey, alikuwa na gitaa. Kwenye ngoma alikaa Urvish, mtoto wa Mzee Devendra muuza viungo, aliyejifunza kupiga kwenye sherehe za hekaluni kwao.

"Shikamoo, Mama," alisema Urvish. "Leo tunafika kwa bosi au tunafia majini?"

"Marahaba. Mkifia majini nitawafufua niwaue tena. Pigeni."

Wakaanza. Msitu ulikuwa mtamu, mapigo manne ya kawaida, watu wakatikisa vichwa. Kumbe gari la mpishi lilikuwa limekwama kwenye foleni ya Msimbazi pamoja na pilau lote. Emsii, mwongoza sherehe, akatazama meza tupu, akatazama wageni wenye njaa, akaingiwa na hofu na kunyakua maiki.

"Mabibi na mabwana, chakula kiko jirani kabisa! Kamati ya zawadi, shambulieni!"

Thuraya alikimbilia mlangoni; wimbo ulikuwa unakaribia maji. Zawadi ya sendofu haiendi mbele kwa kutembea. Inachezwa. Mstari unaopeleka vyombo kwa bibi harusi ukiwa umenyooka kama watu wa benki ni tusi, na litasimuliwa mpaka mjukuu aolewe. Na mstari wenyewe ulikuwa tayari mlangoni, wanawake wenye masufuria, mablanketi na jiko la gesi, yeye wa mbele kabisa na ndoo mpya kichwani. Ndani ya ndoo, seti ya bilauri za kioo.

Walicheza vizuri kwa hatua chache. Kisha wimbo ukazama chini ya maji.

Loo! Mguu wa kulia ulipotakiwa, ukaja wa kushoto. Mwenye jiko akamkanyaga mwenye blanketi. Sufuria likaanguka na kubingirika mpaka chini ya meza kuu, likizunguka kwa raha zake. 

"Huu muziki una kigugumizi!" alipiga kelele mama mmoja.

"Dijei, waondoe hao, tupigie kitu cha watu!"

Dijei akainuka na kushika waya wa spika. Ruqaya hakumtazama dijei. Alimtazama mama yake, kwa macho yaleyale ya kila siku ya ufagio.

Na hapo Thuraya akagundua jambo la ajabu: kati ya mstari mzima, yeye peke yake hakuwa amejikwaa. Ndoo ilikuwa imetulia kichwani. Miguu yake ilikuwa inashona pazia.

"Wewe dijei!" alinguruma. "Gusa huo waya uone! Na nyie mnakanyagana nini kama kuku? Nifuateni! Rinda, rinda, rinda, pini! Rinda, rinda, pini!"

"Nini?"

"Marinda, mama, hujawahi kuvaa sketi? Kwenye pini unainama! Rinda, rinda, rinda, pini!"

Mwenye blanketi akaipata. Mwenye jiko akaipata. Kwa kuwa mapigo ni saba, mzunguko mmoja ukianza na mguu wa kulia, unaofuata unaanza na wa kushoto, na mstari mzima ukawa unaangukia huku, kisha unaangukia kule, kama pazia kwenye upepo wa feni. Wageni wakasimama juu ya viti. Mashangazi wa upande wa bwana harusi, waliokuja kukosoa, wakavua viatu na kujiunga nyuma bila zawadi yoyote. 

"Rinda, rinda, pini!" ukumbi uliitika.

Wakapanda kwenye barafu wakiteleza kwa ncha za vidole. Bosi wa mwisho alipotokea, Urvish alizipiga ngoma kama anadai mashamba ya babu yake, Isidori akapiga magoti na gitaa lake, na emsii, ambaye hakuelewa chochote tangu mwanzo, akajitangaza kuwa ndiye bosi na kuziba njia mikono wazi. Mstari ukamzunguka, ukamkunja, ukambana kwa pini.

Halafu yote yakatulia. Kinanda peke yake. Ti-ti-ta. Polepole, kwa sauti kubwa na laini ambayo Thuraya hakuwahi kuisikia kupitia dari, maana hakuwahi kuiacha ifike. Alipiga hatua za mwisho mbele ya Candida, akapiga goti, akashusha ndoo. Noti ya mwisho ikakaa hewani, ikakaa, ikaisha yenyewe. Hakuna aliyeizima.

Kisha vigelegele vikapasua bati.

Mektilda alikuja mbio, jasho linamtiririka, akachungulia ndani ya ndoo. "Bilauri zimepona?"

"Hesabu mwenyewe," alisema Thuraya.

Mektilda akazitoa moja baada ya nyingine. Nzima zote.

Pilau liliingia mlangoni wakati huohuo likinukia mtaa mzima, na hakuna aliyeligeukia. Watu walikuwa wanadai warudishwe chini ya maji.

Thuraya akaenda jukwaani, kanga begani, akipumua kwa kelele. Ruqaya alikuwa anacheka na kulia pamoja, kamasi na wanja vimechanganyika.

"Mama! Umeusikia mwisho?"

"Nimeusikia. Sikujua mwisho wake mzuri." Akachukua ncha ya kanga na kumkandamiza nayo usoni. "Hebu futa machozi, mwana wewe, hicho kinanda ni chombo cha umeme. Kisha anza tena."